Akiba Iozayo: Sidii, Kadi Erevu na Hatima ya Fasihi Simulizi Yetu

Wahenga walitwambia akiba haiozi. Sina ubavu wa kushindana na wahenga, lakini ipo akiba moja ya taaluma yetu ambayo inaoza, tena inaoza kimyakimya huku sisi wenyewe tumekaa. Nazungumzia rekodi za fasihi simulizi: nyimbo za jando na za arusi, ngano, mawaidha, vitendawili na majigambo ambayo wanafunzi wa Kiswahili waliyakusanya nyanjani na kuyatia katika sidii, hasa katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Wengi wa wazee waliorekodiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Sauti zao zimebaki katika visahani vya plastiki vilivyotiwa ndani ya bahasha na kubandikwa nyuma ya tasnifu. Swali ninalotaka tulijibu ni hili: je, visahani hivyo ni ghala au ni kaburi?

Yafaa tuanze kwa kukifahamu chombo chenyewe. Sidii iliingia sokoni mwaka 1982, ikiwa zao la ushirikiano wa kampuni za Philips na Sony. Kipenyo chake ni sentimita 12 na unene wake milimita 1.2. Sidii itokayo kiwandani ina vishimo vidogo mno vilivyopigwa chapa katika plastiki, na juu yake limetandazwa tabaka jembamba la alumini. Leza hupita juu ya vishimo hivyo, na jinsi mwanga unavyorudi ndivyo mtambo unavyopata sauti, picha au maandishi.

Sidii tunayoichoma wenyewe ni kiumbe tofauti kabisa. Haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali, na leza huacha alama katika rangi hiyo. Rangi nayo, kama ya leso iliyoanikwa juani siku nenda siku rudi, huchujuka. Joto, mwanga na unyevu huharakisha kuchujuka huko, na hali ya hewa ya pwani yetu haina upungufu wa yote matatu. Fauka ya hayo, tumezoea kuulinda upande unaong'aa na kuupuuza ule wenye maandishi, ilhali upande wa maandishi ndio dhaifu: tabaka linaloakisi mwanga limefunikwa hapo kwa vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo mmoja, stika au wino mkali wa kalamu waweza kuliharibu.

Mwaka jana niliazima tasnifu moja ya uzamili kutoka maktaba ya chuo kimoja, nikitaka kusikiliza nyimbo ambazo mtafiti alizichanganua. Kati ya nyimbo kumi zilizoorodheshwa, mtambo ulizisoma mbili tu. Uchanganuzi wa zile nane upo, tafsiri zake zipo, lakini sauti, ambayo ndiyo fasihi simulizi yenyewe, haipo. Tumebakiwa na maelezo ya ngoma isiyosikika.

Hata tuseme kisahani kimesalimika, mtambo wa kukisoma je? Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilitoa tarakilishi yake ya MacBook Air isiyokuwa na mahali pa kutia sidii, na wengine wakafuata mkondo huo. Mwezi wa Februari 2025 Sony ilikomesha utengenezaji wa visahani vya Blu-ray vya kurekodia. Waingereza wana kisa kinachopaswa kutuzindua. Mwaka 1986 shirika la BBC lilitayarisha kumbukumbu kubwa ya maisha ya nchi yao ili kuadhimisha miaka 900 ya kitabu kiitwacho Domesday. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, na kazi yao ikatiwa katika visahani viwili vya leza. Miaka isiyozidi 16 baadaye, mitambo ya kuvisoma ilikuwa imeadimika, hata ikabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wabuni programu ya kuiga mtambo huo wa zamani. Wakati huohuo kitabu cha 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kingali kinasomeka.

Hapa ndipo historia yetu inapokuwa na la kutufunza. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi nyingi kwa hati ya Kiarabu, nyingine kwa ajili ya watafiti kama William Hichens na Ernst Dammann. Tendi hizo zimetufikia kwa sababu mkono wa mtu ulizihamisha kutoka karatasi kuukuu hadi karatasi mpya. Karatasi peke yake isingetosha. Mnakili ndiye aliyekuwa ghala. Tulipopata sidii tulidhani tumempata mnakili asiyechoka, tukamwachisha kazi Kijuma.

Sasa tuigeukie teknolojia ya pili, ambayo kila mmoja wetu huibeba bila kuitafakari: kadi erevu, yaani kadi yenye chipu. Laini ya simu ni kadi ya namna hiyo, na kadi ya benki vilevile. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza yake mwaka 1974, baada ya Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff kuitangulia fikra hiyo mwaka 1968. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Kadi hii si ghala. Laini yenye kilobaiti 128 ni tone la maji mbele ya sidii yenye megabaiti 700, ambayo huizidi zaidi ya mara 5,000. Fahari ya kadi erevu ni adabu yake. Ndani yake mna siri isiyotoka nje kamwe. Mtambo huiuliza swali, nayo hukokotoa jibu linalothibitisha kwamba siri inayo, bila ya kuitamka.

Sidii haina adabu hiyo. Humwimbia yeyote aishikaye. Jambo hili lina uzito kwetu. Nyimbo za unyago si za kila sikio, na kungwi aliyekubali kurekodiwa alimwamini mtafiti, hakuuamini ulimwengu mzima. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari zake kwa data za watu haikufanywa kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ikiwa serikali yapaswa kuuliza ni nani atakayeumia kabla ya kuhifadhi habari zetu, sembuse mwanafunzi mwenye kinasa sauti?

Hata hivyo, kufuli nalo lina hatari zake. Ukikosea namba ya siri ya laini mara 3, laini hujifunga. Ukikosea namba ya kuifungulia mara 10, hufa kabisa. Rekodi iliyofungwa kwa siri anayoijua mtu mmoja, mtu huyo akifa au akihama, imezikwa.

Najua wapo watakaosema kwamba fasihi simulizi haihitaji visahani wala kufuli, kwani uhai wake umo kinywani na utendaji huibadilisha kila uchao. Ni kweli, palipo na mtendaji. Lakini pale ambapo vijana hawaimbi tena, rekodi ndiyo mtendaji wa mwisho aliyesalia. Wengine watasema tupandishe kila kitu mtandaoni, basi. Mtandao ni mitambo ya mtu mwingine. Ada isipolipwa, mlango hufungwa. Tena mtandao hautatuonyesha ni wimbo upi wa hadhara na upi wa faragha.

Kwa maoni yangu, idara zetu zifanye mambo manne, na zianze muhula huu. Kwanza, bahasha zote zilizo nyuma ya tasnifu zifunguliwe, na yaliyomo yanakiliwe maadamu yangali yanasomeka. Pili, kila rekodi iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na chuo. Nakala hizo zisikilizwe kila baada ya muda, zisirundikwe tu. Tatu, kila rekodi iandamane na daftari lake: nani aliimba, wapi, lini, kwa lahaja gani, na aliruhusu nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, rekodi za faragha zifungwe kwa masharti ya mwenyewe, lakini ufunguo uwe wa afisi, usiwe wa mtu.

Kazi hii haihitaji wafadhili kutoka ng'ambo. Inahitaji tarakilishi moja, kisomeo cha sidii ambacho bado chapatikana madukani, na wanafunzi wenye subira. Chama chetu kinaweza kuianza kwa zamu, Jumamosi moja kwa mwezi. Wazee walitukabidhi sauti zao wakijua kwamba wataondoka. Hawakutarajia kwamba sauti hizo nazo zingeondoka kabla hatujawakabidhi wajukuu wao.