Mwenye Kinu Naye Ana Uchungu: Jibu kwa Makala ya Toleo Lililopita



Naomba nafasi nimjibu ndugu yetu aliyeandika toleo lililopita kuhusu ushairi wa kale wa Kiingereza. Simjui kwa sura, ila kalamu yake naiheshimu na Kiswahili chake kimenyooka. Lakini makala yake niliisoma mara mbili ndani ya basi la alfajiri la kwenda kazini, na mara zote mbili nilipitiliza kituo changu kwa hasira.

Hoja yake, kama sikumwelewa vibaya, ni kwamba washairi wa Uingereza wa karne ya 14 hawakujua kuumba mtu. Walijua kuchonga vielelezo tu: askari shujaa, mtawa mlafi, mke mwenye mdomo, mkulima mwema. Ndiyo maana, anasema, Geoffrey Chaucer aliwaita mahujaji wake wengi kwa kazi zao, bila majina. Wote bapa. Akatushauri sisi wazazi tulio ughaibuni kwamba watoto wakariri istilahi, wafaulu mtihani, waachane na mambo hayo, kwani hata tenzi zetu zina ugonjwa huohuo.

Mimi nina binti wa miaka 17 anayesoma vitabu hivyo hivyo. Orodha ya istilahi anayo, imebandikwa kwenye friji yangu, na imeanza kunikera kuliko bili ya gesi.

Tuanze na hilo neno bapa. Wengi wetu tuliosoma fasihi nyumbani tulimezeshwa wahusika bapa na wahusika duara kana kwamba mgawanyo huo ulizaliwa na lugha yenyewe. Haukuzaliwa nayo. Umetoka kwa mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927. Alikuwa anazungumzia riwaya. Tena yeye mwenyewe hakulifanya neno hilo tusi: alikiri kwamba watu wa Charles Dickens karibu wote ni bapa, na bado wanapumua. Chaucer alifariki mwaka 1400. Kumhukumu kwa mizani ya Forster ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Zama zile jamii ilielezwa kwa makundi matatu: wanaopigana, wanaosali na wanaolima. Kulikuwa na desturi ndefu ya mashairi ya kejeli yaliyopita kundi baada ya kundi na kutaja dhambi za kila kazi. Mtaalamu Jill Mann alilionyesha jambo hili vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1973. Kwa hiyo msikilizaji aliposikia neno "mwenye kinu", yule wa kusaga nafaka za watu, alikwisha kujua kabla ya mstari wa pili kwamba huyu anaiba unga. Kielelezo kilikuwa kichwani mwa msikilizaji tayari. Kazi ya mshairi ilianzia hapo, na hapo ndipo ndugu yetu alipofunga kitabu.

Tumtazame Chaucer mwenyewe. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Kuanzia mwaka 1374 alifanya kazi ya forodha katika bandari ya London, akikagua ushuru wa sufu na ngozi. Wenzangu wa Mombasa na Dar mnajua: mtu wa forodha huona kila aina ya binadamu na kila aina ya uongo.

Sasa mahujaji wake, karibu watu 30, wanatoka Southwark kwenda Canterbury kwenye kaburi la Thomas Becket, aliyeuawa mwaka 1170. Mwenye nyumba ya wageni ameweka utaratibu wa kusimulia hadithi njiani. Anaanza Naiti, mpiganaji wa farasi, mtu mkubwa. Akimaliza, mwenyeji anamkaribisha mtawa, kwa kufuata heshima. Hapo anadakia Mwenye Kinu, amelewa chakari, anaapa kwamba atasema yeye sasa hivi au ataondoka zake. Anataka kusimulia kisa cha seremala mzee aliyechezewa na mke wake kijana na mwanafunzi mpangaji.

Kabla hajaanza, Nokoa anamwambia anyamaze. (Neno halisi ni msimamizi wa shamba la bwana, lakini mtu wa Unguja ataniambia kama kuna jina bora kuliko nokoa.) Kwa nini anataka kumziba mdomo? Kwa sababu ujanani alijifunza useremala. Hadithi inasimuliwa, mahujaji wanacheka, yeye hacheki. Kisha analipiza kwa kisa cha mwenye kinu mwizi anayeaibishwa nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mkewe na binti yake.

Ndugu yangu, umeona kilichotokea? Kielelezo kimekasirishwa na kielelezo. Nokoa amesikia watu wa kazi yake wakichekwa, na amejiona humo. Chaucer hatuelezi moyo wa Nokoa kwa kurasa kumi kama riwaya. Anatuonyesha mtu mmoja asiyecheka, basi.

Nani kati yetu hajawahi kukaa katika chumba cha chai kazini, pakatolewa kichekesho kuhusu Waafrika, au wahamiaji, au Waarabu, wote wakaangua kicheko, naye akabaki ameshika kikombe? Sisi humu tunaitwa kwa kazi zetu na tulikotoka. Dereva yule Mwafrika. Yule mama wa usafi. Hatuitwi majina, na bado hakuna hata mmoja wetu aliye bapa. Ningetegemea gazeti letu liwe la mwisho kumdharau mtu kwa kuwa mshairi amemtaja kwa kazi yake tu.

Niongeze la Gawain. Utenzi wake mrefu, wa mistari 2530, umetufikia katika mswada mmoja tu, ambao ulinusurika moto mwaka 1731. Mtunzi hajulikani. Gawain ni mpwa wa Mfalme Arthur, na katika visa vya Kifaransa alikwisha kuwa na sifa ya kupenda wanawake. Hapa tunamkuta ni mgeni katika ngome, wakati wa baridi kali. Mume yuko mwituni anawinda, na mke anaingia chumbani kwa mgeni asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi ya kwanza, akiwa karibu kuondoka, anamwambia kwamba ana shaka kama huyu ni Gawain kweli, maana Gawain anayesimuliwa asingekaa na mwanamke kiasi hicho bila hata kumwomba busu.

Yaani anashtakiwa kwa kutofanana na kielelezo chake! Hofu ya Gawain mwanzoni ni kwamba amemkosea adabu. Tangu hapo anahangaika kati ya sifa mbili zinazogongana, ya mpenzi wa wanawake na ya mgeni mwaminifu, na mwisho anaanguka mahali ambapo hakutazamia: anaficha mkanda wa kijani kwa kuogopa kufa. Akirudi nyumbani anajilaumu mbele ya watu. Wenzake wanacheka, nao wanavaa mikanda ya kijani kama nishani. Mshairi hamwambii msomaji nani yuko sahihi. Tafadhali nitafutie bapa hapo.

Halafu kuna ule ulinganisho ambao ndugu yetu angeufanya kwa jioni moja. John Gower na Chaucer waliishi wakati mmoja na walijuana. Wote wawili walisimulia kisa cha mpiganaji anayepewa swali, kwa malipo ya roho yake: wanawake wanataka nini zaidi ya yote? Jibu analipata kwa bibi kizee mbaya wa sura, kwa sharti la kumwoa. Gower anamfanya mpiganaji wake, Florent, mtu mwema aliyeua katika mapigano na kutegewa mtego. Chaucer anakiweka kisa kinywani mwa Mke wa Bath, aliyeolewa mara tano na kuwa kiziwi sikio moja kwa kipigo cha mume wa tano, katika ugomvi juu ya kitabu cha kuwasema vibaya wanawake. Na mpiganaji wa hadithi yake ni mbakaji. Bibi kizee ni yuleyule na swali ni lilelile. Ila kwa mmoja swali ni fumbo, kwa mwingine ni hukumu. Ukiandika tu "mhusika kielelezo: bibi kizee wa ajabu" ukapiga mstari, hukusoma chochote.

Sisemi wote wako hivyo. Kuna mahali Chaucer alikitumia kielelezo kama rungu na hakujishughulisha na kingine. Hadithi ya Mwanasheria ina mama wa Sultani wa Shamu anayewachinja wageni wake karamuni kwa sababu mwanawe ameacha Uislamu, na huyo hakupewa nafasi ya Nokoa. Hadithi ya Mkuu wa Watawa inawafanyia Wayahudi vibaya zaidi. Binti yangu aliniuliza kuhusu hizo mbili na sikumtetea mshairi. Lakini kuliona hilo kunahitaji kusoma, na orodha ya friji haikuonyeshi tofauti.

Na kuhusu istilahi zenyewe, Chaucer alikwisha kumjibu ndugu yetu. Yule mtawa, zamu yake ilipofika, alianza kwa kufafanua istilahi: tanzia ni kisa cha mtu aliyekuwa juu akaanguka. Akasema anavyo visa mia chumbani kwake. Akavipanga kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinafuata fasili barabara, mpaka Naiti akamkatiza, na mwenyeji akasema isingekuwa njuga za farasi wake angelala usingizi akadondoka.

Tenzi zetu nitazigusa kwa ufupi, maana zinastahili makala yake. Fumo Liyongo katika utenzi wa Kijumwa ni shujaa wa aina inayojulikana duniani: chuma hakimdhuru ila mahali pamoja. Sawa. Lakini kumbuka anavyokufa. Amechomwa na mwanawe mwenyewe, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na mji mzima una kiu na unaogopa kumkaribia, hawajui kama yu hai. Kama huyo ni bapa, basi neno hilo halina kazi.

Jumapili iliyopita binti yangu aliichana insha yake ya kwanza, ile iliyokuwa na istilahi kumi na moja katika ukurasa mmoja. Ameandika nyingine, kurasa nne, kuhusu mtu mmoja asiyecheka. Mwalimu hajairudisha bado.