UKURASA WA AKINA MAMA: Kiingereza na mtoto mgongoni

 

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni ya mgao. Mama mmoja kijana mwenye mapacha alinishika mkono akasema: "Madamu, na mimi nataka kufundisha Kiingereza kama wewe. Lakini nyumbani wananiambia nisubiri kwanza watoto wakue. Wewe ulisubiri?" Foleni ilikuwa inasogea, nikamjibu haraka haraka, jibu lisilo na kichwa wala miguu. Basi leo namjibu vizuri, na ninyi wengine msikilize.

Mama, sikusubiri. Na sitakudanganya kwamba haikunigharimu kitu.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtoto wa Rumonge, kule ndagala zinakoanikwa mchangani na harufu ya mawese inakoingia mpaka kwenye nguo za sikukuu. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka minane tulipokimbia. Nikakulia Mtabila, huko Kasulu. Shule zetu za kambini zilifuata programu ya Burundi, kwa hiyo tulisoma Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili tulikuwa nacho tayari toka nyumbani. Kiingereza tulikisikia kwa wageni waliokuja na magari meupe. Tulikuwa tunakimbia nyuma ya gari tukipiga kelele "good morning", hata kama ni saa kumi jioni.

Na Rumonge yenyewe, Kiingereza kilikuwa ni kitu cha kupita njia tu. Ukitoka kwetu kwenda Bujumbura, karibu na kufika, kuna jiwe la Mugere lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Bibi yangu alikuwa anasema wale wazungu walilala, wakala samaki wetu, wakaondoka na lugha yao. Baadaye wakaja Wajerumani, kisha Wabelgiji, ndio waliotuachia Kifaransa. Ndiyo maana niliporudi nyumbani mwaka 2005 hakuna aliyeniuliza kama najua Kiingereza.

Kumbe mambo yalikuwa yanabadilika. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika miaka hiyo hiyo Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi, kuanzia watoto wadogo kabisa. Lugha nne kwa mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu! Walimu wengi walikuwa hawajafundishwa Kiingereza chenyewe, sembuse namna ya kukifundisha. Nawajua waliokuwa wanaruka kipindi, wanaweka hesabu mahali pake. Siwalaumu. Utagawa vipi usichokuwa nacho?

Hapo mimi nikaona mlango. Nilikuwa nimeolewa, binti yangu wa kwanza alizaliwa 2008, na nilikuwa nauza mawese kwa chupa pale sokoni. Nani wa kunifundisha, sasa? Mungu akaleta msichana mmoja aliyekaa kwenye kijiji cha amani. Wazazi wake walikimbia mwaka 1972, yeye akazaliwa Tanzania, katika yale makazi ya zamani, akamaliza kidato cha nne huko. Kiingereza chake kilikuwa kinatiririka kama maji. Lakini Kifaransa, hata kusalimia hajui! Aliomba kazi kila mahali, wakamwambia bila Kifaransa hakuna kitu. Walikuwa wengi wa namna hiyo miaka ile: wamerudi kwao, na lugha waliyosomea haiwasaidii, na mashamba ya baba zao yana watu wengine.

Tukafanya biashara. Mimi nampa Kifaransa, yeye ananipa Kiingereza. Hakuna pesa iliyotoka. Tulikaa nyuma ya meza yangu ya mawese, mteja akija tunanyamaza, akiondoka tunaendelea. Mtoto mgongoni, daftari juu ya goti, kurasa zote zina madoa ya mafuta. Mimi mpaka leo nikisoma vitenzi vile visivyofuata sheria nasikia harufu ya mawese.

Mwaka wa pili nikajiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza. Sasa mtoto hawezi kukaa mgongoni saa mbili, ameshaanza kukimbia. Nikawa namwacha kwa jirani, mama mwema sana, naye ana watoto wake watano. Jioni moja mwaka 2010 niko darasani, mtoto akavuta sufuria ya uji. Uji ukammwagikia mkono wote wa kushoto.

Jirani hakuwa na kosa. Nilisema hivyo siku ile, nasema hivyo leo. Lakini unajua mambo ya ukoo. Mama mkwe wangu alisema mbele ya watu: "Hicho Kiingereza kitakula watoto." Mume wangu hakusema neno lolote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliweka madaftari ndani ya gunia, nikalifunga. Miezi sita sikulifungua.

Kilichonirudisha si ushujaa, ni njaa. Mwaka ule biashara ya mawese ilikuwa mbaya, na shule moja ya msingi ilikuwa inatafuta mtu yeyote wa kushika kipindi cha Kiingereza, kwa mkataba. Mume wangu ndiye aliyelileta lile gunia. Akaliweka mlangoni akasema, "Nenda kawaulize." Ila nilimpa sharti: siku zangu za kusoma, yeye anarudi mapema ziwani, anakaa na mtoto. Yeye mwenyewe, si jirani. Wenzake pale ufukweni walimcheka sana, wakamwita yaya. Akavumilia. Baba wengine mnaosoma hapa, neno hilo mlisome mara mbili.

Sasa juu ya kazi yenyewe, maana mama wa mapacha asije akadhani ni kusimama ubaoni na kujidai. Kufundisha Kiingereza watoto wetu kuna mitego yake. Mrundi anachanganya herufi L na R, kwa hiyo darasa zima linakuambia kwa furaha kwamba jana usiku wamekula chawa, kumbe wanataka kusema wali. Tena ukiwauliza umri wanasema "I have ten years." Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Halafu siku moja nikakaa nikafikiri: kwa Kiswahili tunasema nina miaka kumi. Kirundi nacho ni hivyo hivyo, na Kifaransa pia. Lugha zake zote tatu zinamwambia miaka ni kitu unachokuwa nacho, kama mbuzi. Ni Kiingereza tu kinachosema mtu ni miaka yake. Kwa hiyo mtoto hajakosea kwa ujinga, amekosea kwa sababu ana akili, anabeba anachokijua. Toka siku hiyo niliacha kupiga kelele, nikaanza kuandika lugha zote nne ubaoni pembeni kwa pembeni. Wanaona wenyewe ni ipi inayojitenga.

Hilo sikulipata kwenye kitabu. Nililipata kwa binti yangu, nikimsikiliza jikoni anavyochanganya. Mama mwenye watoto ana shule ndani ya nyumba, mwalimu asiye na mtoto hana.

Mwaka 2014 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Burundi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Nikasema, haya, sasa nimefika. Mwaka uliofuata tukakimbia tena.

Ninyi mliopita Kagunga mwezi wa tano 2015 sina haja ya kuwasimulia. Wale wasioijua: ni kijiji kidogo cha Tanzania ufukweni mwa ziwa, mlima nyuma, maji mbele, na maelfu kwa maelfu ya watu wamelala nje. Kipindupindu kilituingilia pale. Meli ya Liemba, ile ya zamani iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa inasimama mbali, unaifikia kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa na watoto watatu na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko: sufuria, kanga mbili, na kamusi. Mume wangu aliuliza kamusi ya nini. Nikamwambia kamusi hailiwi na haiozi.

Tulipofikishwa hapa, mama mmoja kwenye foleni ya wagonjwa alikuwa anajaribu kumweleza muuguzi mgeni kwamba mtoto ana siku tatu hanyonyi. Hawaelewani. Nikasogea nikatafsiri. Baada ya pale wakawa wananiita kila siku, na baadaye shule ilipofunguliwa wakaniita huko. Posho yake mnaijua, haijazi kikapu. Lakini ndiyo iliyonunua sare za watoto wangu.

Nyumbani kwangu sasa? Msidhani pametulia. Asubuhi maji kwanza, halafu uji, halafu shule. Kusahihisha madaftari nafanya usiku kwa tochi, wakati mwingine nalala juu ya daftari la mtoto wa watu. Kuna siku maharage yanaungua. Mtoto wangu wa mwisho aliwahi kunilalamikia kwamba wa darasani nawaambia "very good", yeye namwambia "lete kuni". Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Na yule binti wa uji, kimo chake sasa kinanipita. Kovu lipo, kuanzia kiwiko mpaka kwenye kidole. Nilipokuwa naandika ukurasa huu nilimwomba ruhusa, nikamuuliza kama ananilaumu. Akaniangalia kidogo, akasema: "Nilikulaumu zamani. Sasa hivi nataka tu kujua ile kamusi utampa nani." Sijamjibu bado, maana wako watatu na kamusi ni moja.

Mama wa mapacha, sikuambii uache kusubiri, nyumba yako unaijua wewe. Ila ukitaka kuanza, sisi akina mama tunakutana Jumatano saa tisa alasiri, darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Kila wiki mmoja wetu hasomi, anakaa nje kwenye mkeka na watoto wote, na moto hauwashwi karibu. Wiki ijayo zamu ni yangu. Njoo na mapacha, na daftari hata kama lina madoa.

Tuonane mwezi ujao.