Jiwe limetoka, lakini mrija umebaki

Katika ukoo wetu yuko mjomba wangu mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa dereva wa basi katika barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Alisifika kwa kuwahi. Ili asilazimike kusimamisha gari porini kwa ajili ya kile abiria wanachokiita "kuchimba dawa", alijizoeza kutokunywa maji tangu alfajiri mpaka jua litue. Abiria walimsifu kwa kuwafikisha mapema, lakini figo zake zilikuwa zikiweka hesabu.

Maumivu yalimwanza usiku mmoja, ubavu wa kushoto, yakateremka hadi kinenani. Alitapika, alitoka jasho, hakupata pa kulala wala pa kukaa, na asubuhi mkojo ulikuwa na rangi ya damu. Picha ya skani ilionyesha jiwe la sentimeta 2.5 ndani ya figo ya kushoto. Alipoambiwa kwamba atapelekwa chumba cha upasuaji, alitoroka. Alimkumbuka kaka yake mkubwa, ambaye katika miaka ya 1980 alipasuliwa kwa maradhi hayo hayo na kubaki na kovu refu kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu. Mjomba akakaa miaka miwili akinywa mizizi ya kila aina.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna makosa mawili ambayo familia nyingi huyafanya. Kosa la kwanza ni kuogopa kisu ambacho siku hizi aghalabu hakitumiki tena. Kosa la pili, ambalo nitalifikia baadaye, ni kudhani kwamba kidonda kikiwa kidogo basi na jambo lenyewe ni dogo.

Tuanze na jiwe lenyewe. Wako wasemao kwamba linatokana na changarawe za mchele zilizomezwa. Sivyo. Kinachopita tumboni hakifiki kwenye figo kikiwa changarawe. Figo zetu mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi ya mtu mzima, huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo huo una chumvi za aina mbalimbali zilizoyeyuka ndani yake. Maji yakipungua mwilini, chumvi hizo hushindwa kuyeyuka, huganda kama chumvi inavyoganda pembeni mwa sufuria ya maji ya bahari yaliyochemka hadi kukauka, na punje hukua mwaka hadi mwaka. Mawe mengi ni ya kalisi. Yako mengine yatokanayo na asidi ya uriki, na mengine huletwa na maambukizo ya mkojo yasiyotibiwa. Ndiyo maana dereva, mkulima, mjenzi na yeyote afanyaye kazi juani bila maji ya kutosha wamo hatarini.

Jiwe dogo, la milimita 4 au pungufu, mara nyingi hutoka lenyewe kwa mkojo, na kazi ya daktari ni kutuliza maumivu na kuangalia. Jiwe kubwa, au lililokwama katika mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ni jambo jingine. Yafaa tujue hapa neno moja la hatari: maumivu kutulia si ushahidi kwamba jiwe limetoka. Figo iliyozibwa yaweza kunyamaza huku ikiendelea kuharibika. Na ikiwa mtu mwenye jiwe anapata homa na baridi ya kutetemeka, hiyo ni dharura ya siku ile ile. Asisubiri Jumatatu, wala asisubiri mizizi.

Jiwe la mkojo ni adui wa kale. Kiapo cha waganga wa Uyunani kinachoitwa kwa jina la Hippocrates kilimkataza mganga kumpasua mwenye ugonjwa wa jiwe. Kazi hiyo waliachiwa mafundi wake. Hata madaktari wa zama zetu, kwa miaka mingi, hawakuwa na njia nyingine ya kulifikia jiwe kubwa la figo ila kukata ubavu. Mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mwaka 1976, huko Stockholm nchini Uswidi, Ingmar Fernström na Bengt Johansson walitangaza kwamba wametoa mawe ya figo kupitia tundu lililotobolewa mgongoni. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich nchini Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mawimbi yaliyovunja jiwe lake bila kumkata popote.

Leo, kwa hiyo, mgonjwa aweza kuambiwa habari ya njia tatu, na ni haki yake kuzielewa.

Njia ya kwanza ni ya mawimbi ya mshindo. Mgonjwa hulala juu ya mashine, na mawimbi hupita katika ngozi na nyama hadi kulifikia jiwe na kulipasua vipande vipande, kisha vipande hivyo hutoka kwa mkojo. Hakuna kidonda. Lakini njia hii hufaa zaidi kwa mawe yasiyozidi sentimeta 2, na jiwe gumu sana laweza kukataa. Mgonjwa aweza kulazimika kurudia, na vipande vyaweza kukwama njiani. Haifai kwa mama mjamzito, wala kwa mtu ambaye damu yake haigandi sawasawa, wala kwa mwenye maambukizo ya mkojo ambayo hayajatibiwa.

Njia ya pili ni ya darubini nyembamba. Daktari huipitisha katika njia ya kawaida ya mkojo, ikavuka kibofu na kupanda hadi lilipo jiwe. Huko jiwe huvunjwa, aghalabu kwa mwali wa leza, na vipande vikatolewa au vikaachwa vitoke vyenyewe vikiwa kama vumbi. Hapa pia hakuna kidonda cha nje, ijapokuwa mgonjwa hupewa nusukaputi.

Njia ya tatu ni ya tundu la mgongoni, na ndiyo inayochaguliwa zaidi kwa jiwe linalozidi sentimeta 2 au lile lililotanda ndani ya figo kama pembe za paa. Mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, daktari huongozwa na picha ya eksirei au ya ultrasaundi kuingiza sindano hadi ndani ya figo, kisha hupanua njia hiyo kufikia upana wa kama sentimeta 1. Humo hupitisha darubini na chombo cha kuvunjia jiwe. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache, ambapo zamani walilala wodini kwa muda mrefu zaidi.

Hiyo ndiyo njia aliyofanyiwa mjomba, baada ya shangazi zangu watatu kumkalisha kitako na kumwambia kwamba watoto wake bado wanamhitaji. Tulikwenda kumpokea siku ya nne.

"Shikamoo, mjomba," nilimwambia.

"Marahaba, mpwa wangu. Tazama!" Akainua shati na kutuonyesha bandeji isiyozidi upana wa vidole vitatu. "Nilikimbia miaka miwili kwa ajili ya hiki?"

Mbuzi alichinjwa. Makaratasi ya hospitali yaliwekwa katika sanduku la nguo, chini ya kanzu, na hakuna aliyeyasoma.

Sasa, ndugu msomaji, ndilo kosa la pili. Baada ya kutoa jiwe, mara nyingi daktari huacha ndani ya mwili mrija mwembamba wa plastiki, uitwao stenti. Ncha yake moja imejikunja ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, nao huweka njia wazi ili uvimbe na vipande vilivyobaki visizuie mkojo. Mrija huo ni rafiki kwa majuma machache. Hauonekani kwa nje, wala hauyeyuki, wala hautoki wenyewe. Aina nyingi hazipaswi kukaa zaidi ya miezi mitatu au kadiri daktari atakavyoagiza. Ukisahauliwa, chumvi zile zile zilizotengeneza jiwe huugandia mrija, ukawa mgumu kama tawi la matumbawe, ukaziba njia uliyowekwa kuilinda.

Mjomba alirudishwa hospitali mwezi wa kumi na moja, akiwa na homa na ubavu usiogusika. Alipofungua njia daktari alikuta mrija umevaa mawe kuanzia juu hadi chini. Ilibidi aingie chumba cha upasuaji mara mbili zaidi ili kuutoa tu huo mrija. Figo ilisalimika, lakini kipimo kilionyesha kwamba haifanyi kazi kama ile ya kulia.

Nilimwuliza kama hakuambiwa. Alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Niliambiwa, mwanangu. Lakini niliambiwa asubuhi ile ya kutoka, kichwa kizito, roho iko nyumbani. Na kwa kuwa sikuwa na maumivu, nikasema nimepona." Hospitali ile nayo haikumtafuta. Siandiki haya ili kumshitaki mtu. Nayaandika kwa sababu tulikuwa watu kumi na wawili katika nyumba ile siku ya mbuzi, nami mwandishi wa habari nikiwa miongoni mwao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba kila familia iyashike.

Kabla ya siku ya matibabu, hakikisha mkojo umepimwa, na kama una wadudu wa maradhi, watibiwe kwanza, maana kuvunja jiwe lenye maambukizo kwaweza kuyamwaga katika damu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini na zile za kuzuia damu kuganda, na zile za mitishamba pia. Taja kisukari, shinikizo la damu na ujauzito. Uliza kwa nini umechaguliwa njia hii na si nyingine, na kama jiwe lote linatazamiwa kutoka kwa mara moja. Njia ya mgongoni, pamoja na udogo wa tundu lake, yaweza kuleta kutoka damu nyingi kiasi cha kuhitaji kuongezewa, yaweza kuleta homa kali, na mara chache huweza kujeruhi viungo vya jirani. Kuyajua haya si kutafuta woga. Mtu aliyeelezwa mapema hushtuka kidogo na huwahi zaidi.

Siku ya kuruhusiwa, asiwe mgonjwa peke yake anayepokea maagizo. Awepo mke, mume, mtoto mkubwa au ndugu mwenye kichwa chepesi, naye aulize swali hili kwa sauti: "Je, kuna mrija uliobaki ndani, na utatolewa tarehe gani?" Tarehe hiyo iandikwe ukutani kwenye kalenda ya nyumba, wala isiachwe sandukuni.

Mrija ukiwa ndani, mgonjwa aweza kwenda haja ndogo mara kwa mara, akahisi maumivu ya ubavu anapokojoa, na mkojo ukawa na rangi ya damu hafifu. Hayo hutazamiwa. Yasiyotazamiwa ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, damu nzito yenye mabonge, mkojo kukatika, au maumivu yasiyotulizwa na dawa. Mojawapo likitokea, rudini hospitali mara moja.

Jiwe au vipande vyake visitupwe. Mgonjwa aweza kukojoa juu ya kitambaa safi ili avikamate, akavipeleke vipimwe, kwani kujua aina ya jiwe ndiko kunakoonyesha njia ya kuzuia jingine.

Na lipo jingine kwa wengi, kwa kuwa aliyepata jiwe mara moja yumo hatarini kupata tena. Kinga kubwa ni maji. Mtu aliyewahi kuugua anywe kiasi cha kumfanya akojoe lita 2 na nusu kwa siku, na katika joto letu hiyo maana yake ni kunywa lita 3 au zaidi, isipokuwa daktari amemzuia kwa ajili ya moyo au figo dhaifu. Mkojo uwe mweupe kama maji ya ndimu, usiwe wa rangi ya chai. Ndimu na limau zenyewe husaidia. Chumvi ipunguzwe, na nyama isiwe mlima kila siku. Maziwa yasiachwe kwa kuogopa kalisi. Kalisi ya chakula katika kiasi cha kawaida husaidia kuzuia mawe. Mwenye mawe ya oksalati asile mchicha na karanga kwa wingi bila kushauriana na daktari.

Kwa wasomaji watakaotaka kujua pa kuanzia, anzeni katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, mkaombe barua ya rufaa. Muhimbili jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa hospitali zenye wataalamu wa maradhi ya njia ya mkojo.

Mjomba ameacha usukani. Hukaa barazani, na pembeni mwake lipo dumu dogo la maji ambalo wajukuu wameagizwa kulijaza mara tatu kwa siku. Madereva vijana wakipita kumwamkia, huwauliza kwanza kama wamekunywa maji, ndipo awajibu shikamoo yao. Katika ukuta wa nyuma yake bado imetundikwa kalenda ya mwaka ule, na shangazi amekataa iondolewe.