NENO LA KATIBU: SABUNI YA WODI YA WATOTO WACHANGA IWE NA FUNGU LAKE

*KWA WANACHAMA WOTE, TAWI LA SIGI*



Kati ya utafiti wa Taifa wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya uzazi vya kina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Anayestahili pongezi apewe. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Lengo la 2030 ni 12.

Maambukizi ni moja ya sababu kubwa, na mengine mtoto huyapatia wodini. Njiti hana kinga ya kutosha. Analishwa kwa mpira, anawekewa dripu, anashikwa na mikono mingi kwa siku. Kijidudu kama Klebsiella hukaa kwenye sinki, kwenye mpira na kwenye mkono usiooshwa. Mara nyingi dawa za kawaida hazikiwezi tena.

Mimi ni mtu wa hesabu. Tangu 2017/18 fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, huupitia mpango wa matumizi. Basi mwanachama aliye kwenye kamati aulize:

1. Maji yanatoka chumba cha kujifungulia kila siku?
2. Sabuni na vitakasa mikono vina fungu?
3. Fungu hilo limetumika kwa kazi hiyo?

Mto Sigi unalinywesha jiji la Tanga. Itakuwa aibu mkunga wa huku juu akose maji ya kunawa.

Na sisi ndugu wa mzazi tuna sehemu yetu. Tusijazane wodini, iwe Muheza au Bombo. Mwenye mafua abaki nyumbani. Pongezi zinaweza kusubiri arobaini. Nesi akikwambia nawa mikono, hajakudharau. Mama akielekezwa kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, mama mkwe asimkataze. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa takriban robo.

Majibu ya maswali hayo matatu yaletwe mkutano ujao wa tawi, kwa maandishi.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi, Sigi