Ukuta hauna mikono: Sarufi ya taarifa za polisi

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwasuta wenye kujipendelea, lakini yaeleza vilevile hali ya idara ya polisi, popote ulimwenguni, inapolazimika kutoa maelezo kuhusu mtu aliyefia mikononi mwake. Kwa saa chache za mwanzo, idara hiyo huwa ndiyo mshukiwa, ndiyo shahidi na ndiyo chanzo cha habari. Maneno itakayoyachagua katika saa hizo ndiyo yatakayosomwa redioni, kuchapishwa magazetini na kurudiwa katika vyumba vya walimu. Kwa hivyo yafaa tuyachunguze kwa makini ya mwanasarufi kabla ya kuyajadili kwa ghadhabu ya mwanasiasa.

Itakumbukwa kuwa mnamo Juni 7, 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa wa ngazi ya juu wa polisi mtandaoni. Alisafirishwa hadi Nairobi na kuzuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Siku iliyofuata Wakenya waliarifiwa kuwa amefariki. Taarifa ya polisi ilieleza kuwa alipatikana seli akiwa amezirai, akiwa na majeraha ya kichwa baada ya kujigonga ukutani. Mnamo Juni 10, uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, na wataalamu wakasema haielekei kuwa aliyasababisha yeye mwenyewe. Kesho yake Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti, akaomba radhi na kuyaacha maelezo ya awali. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, walifikishwa mahakamani mwaka huo huo kwa shtaka la mauaji, nao wakakana. Hatia yao au kutokuwa na hatia kwao ni kazi ya mahakama, wala si ya safu hii. Linalotuhusu hapa ni ile sentensi ya kwanza.

Ukuta huo haukuwa mgeni kwa msomaji wa historia ya Afrika. Steve Biko alikamatwa nchini Afrika Kusini mnamo Agosti 18, 1977, akahojiwa na polisi wa usalama mjini Port Elizabeth, kisha akasafirishwa akiwa uchi na mahututi, nyuma ya gari la Land Rover, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Alifariki Septemba 12. Kwanza waziri wa polisi, Jimmy Kruger, alidokeza kuwa marehemu alikuwa amegoma kula. Maelezo hayo yaliposhindwa kusimama, polisi walikiambia kikao cha uchunguzi kuwa palikuwa na purukushani, na katika purukushani hiyo Biko akagonga kichwa ukutani. Kabla ya mwaka huo kwisha, hakimu aliamua kuwa hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kifo hicho.

Kati ya ukuta wa 1977 na ule wa 2025 pana tofauti kubwa ya nchi, sheria na nyakati. Haitakuwa haki kuifananisha Kenya ya leo na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, muundo wa sentensi ni ule ule. Ukuta hauna mikono, hauwezi kumpiga mtu. Ili ukuta uweze kuua, lazima marehemu mwenyewe auendee. Hapa ndipo ilipo siri ya taarifa nyingi za namna hii: katika sentensi zake, anayetenda ni marehemu.

Msomaji asiyeamini na afanye zoezi dogo. Achukue taarifa yoyote ya polisi kuhusu kifo, avipigie mstari vitenzi vyake vyote, kisha aulize mtenda wa kila kitenzi ni nani. Mimi nimelifanya zoezi hili mara nyingi na wanafunzi wangu, na taarifa tunayoanza nayo ni ile iliyotolewa na Idara ya Polisi ya Minneapolis, Marekani, baada ya kifo cha George Floyd mnamo Mei 25, 2020. Kichwa chake, kwa Kiswahili, kilisema: Mwanamume afariki baada ya tukio la kiafya wakati wa maingiliano na polisi. Ndani yake tunaambiwa kuwa mtu huyo alishukiwa kwa kosa la kughushi, kuwa alionekana kama aliyelewa, na kuwa aliwakaidi maafisa kwa nguvu. Wao walifanikiwa kumtia pingu, wakagundua kuwa anaonekana kuwa na dhiki ya kiafya, wakaita ambulensi. Taarifa iliongeza kuwa hakuna silaha ya aina yoyote iliyotumiwa na yeyote.

Goti halikutajwa. Ulimwengu ulilijua goti hilo kwa sababu msichana wa miaka 17 aliyekuwa akipita njia alisimama na kupiga picha za video kwa simu yake. Kesi iliposikilizwa, ilithibitika kuwa afisa Derek Chauvin alimgandamiza Floyd shingoni kwa goti kwa muda wa dakika 9 na sekunde 29. Aprili 2021 alipatikana na hatia ya mauaji, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Yafaa tuzingatie kuwa taarifa ile haikuhitaji uongo mwingi. Ni kweli kuwa pingu zilitiwa. Ni kweli kuwa ambulensi iliitwa. Ni kweli hata kwamba hapakutumiwa silaha, kwa maana goti si silaha kamusini. Mwongo hukamatwa kwa urahisi, kwani wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini anayeteua ukweli fulani na kuuacha mwingine, akampa marehemu vitenzi vya ukaidi na kuwapa maafisa vitenzi vya huduma, huyo ni mgumu kukamatika. Amekuongoza hadi kwenye hukumu bila kutamka neno moja la kukushawishi.

Lugha yetu ya Kiswahili, kwa utajiri wake wa mnyambuliko, imempa mwandishi wa taarifa kama hizi zana mbalimbali. Tuanze na kauli ya kutendwa. Tukisema "kijana alipigwa risasi", mtenda ameondolewa, lakini nafasi yake ingali wazi, na msikilizaji aweza kuuliza, "Na nani?" Kauli ya kutendeka yaenda mbali zaidi. Tukisema "bunduki ilifyatuka", swali hilo haliulizwi kwa ufasaha, kwa kuwa kitenzi chenyewe chadai kuwa jambo lilijitendekea tu, kama embe lililoiva likaanguka. Kati ya "afisa alifyatua bunduki" na "bunduki ilifyatuka" pana tofauti ya silabi chache, lakini katika tofauti hiyo mtu mzima ametoweka pamoja na kidole chake.

Kisha kuna kauli ya kutendana. Mara ngapi tumesoma kuwa washukiwa waliuawa baada ya "kufyatuliana risasi" na polisi, au katika "makabiliano"? Kiambishi hicho cha -an- hugawa kitendo sawa kwa sawa baina ya pande mbili. Yawezekana kuwa pande zote mbili zilifyatua kweli, na maafisa wetu wengi wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Lakini yawezekana pia kuwa upande mmoja tu ndio uliokuwa na bunduki. Kiambishi hakituelezi ni lipi kati ya hayo lililotukia. Hutuelezea tu lile linalofaa kuaminiwa.

Mwisho ni kirejeshi -ji-, kiambishi kidogo kuliko vyote na kizito kuliko vyote. Alijigonga. Alijirusha. Alijinyonga. Kwa silabi moja, mtendwa na mtenda huwa mtu mmoja, na uchunguzi hufungwa kabla ya kufunguliwa.

Huenda msomaji akauliza, je, haya si mabishano ya wanaisimu tu? La. Mwezi Agosti 2014, polisi walivamia nyumba moja huko Kinango, Kaunti ya Kwale, usiku, wakimsaka mshukiwa wa mauaji. Waliyemuua kwa risasi alikuwa msichana wa miaka 14. Maelezo yaliyotolewa ni kuwa msichana huyo aliwashambulia maafisa kwa panga. Kwa mara nyingine kitenzi cha kutenda alipewa marehemu, naye hakuwepo kukikanusha. Laiti hadithi ingeishia hapo, angezikwa akiwa mshambulizi. Lakini Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ijulikanayo kama IPOA, ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliwapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka 7 kila mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo.

Isitoshe, sheria yenyewe haikubaliani na sarufi ya kuficha mtenda. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, yamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu zinapolazimu, ziwe za kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Bunduki ni ya kuokoa maisha, yake au ya mwenzake, yanapokabiliwa na hatari ya papo hapo. Baada ya hapo, afisa aliyetumia nguvu hutakiwa kumweleza mkubwa wake mara moja kwa nini alizitumia, na kifo au jeraha baya likitokea, IPOA iarifiwe. Sheria hii imeandikwa kwa kauli ya kutenda. Yataka kujua nani alifanya nini, kwa nini, na kama palikuwa na njia nyingine. Taarifa isemayo "nguvu za kiasi zilitumika" haijajibu hata swali moja kati ya hayo, ingawa imeazima maneno ya sheria yenyewe.

Ni wajibu wangu kuongeza kuwa kazi ya polisi ni ngumu. Afisa anayekutana na jambazi mwenye bunduki gizani hana muda wa kunyambua vitenzi, na wapo raia walio hai leo kwa sababu afisa alifyatua risasi kwa wakati ufaao. Afisa wa namna hiyo ndiye anayestahili zaidi taarifa iliyo wazi. Ikiwa alimwokoa mtu, na isemwe kwa jina la cheo chake, kwa kitenzi cha kutenda, kuwa alifyatua, na sababu yake ni hii. Pale ambapo taarifa zote hutungwa kwa ukungu mmoja, mwaminifu na mhalifu huvaa sare moja, na umma hukoma kuwaamini wote wawili.

Lawama nyingine ni yetu sote. Mwandishi wa habari anayenakili taarifa ya polisi bila kuongeza "kwa mujibu wa polisi" amegeuza dai kuwa habari. Nasi walimu twafundisha kauli za vitenzi mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi wa sekondari aweza kulinyambua neno "piga" katika kauli tano bila kusita: pigia, pigwa, pigana, pigisha, pigika. Tunampa alama zake, tunafunga daftari. Ni mara chache tunamuuliza: ukibadilisha "piga" kuwa "pigwa", ni nani aliyeondoka katika sentensi, na ni nani aliyefaidika kwa kuondoka kwake? Nashauri tumuulize. Habari moja ya gazeti na kalamu nyekundu zatosha kwa kipindi cha dakika 40, wala hakuna haja ya kitabu kipya wala ruhusa ya wizara.

Ukuta wa Biko ulisimama muda mrefu. Mwaka 1999 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikataa kuwapa msamaha maafisa waliohusika, na ni Septemba 12, 2025, miaka 48 kamili baada ya kifo chake, ndipo uchunguzi wa mahakama ulipofunguliwa upya. Ukuta wa Ojwang, mwalimu mwenzetu, ulisimama siku tatu tu. Haukuanguka kwa sababu waliousimamisha walijuta usiku. Uliangushwa na madaktari waliosoma mwili na kueleza walichokiona, na taasisi huru ambayo sheria iliipa nguvu. Kadhalika uliangushwa na raia waliokataa kuikubali sentensi isiyo na mtenda. Madaktari na taasisi hizo zahitaji kulindwa na bajeti na sheria. Raia wa namna hiyo huandaliwa darasani, na kazi hiyo ni yetu.