Mbawa Halisi Juu ya Ngozi

Uchoraji wa wadudu wa zama za Renaisansi unapojadiliwa, anayetajwa kwanza huwa Albrecht Dürer kwa mbawakawa wake wa mwaka 1505, ilhali anayestahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni Joris Hoefnagel, mzaliwa wa Antwerp na mtoto wa mfanyabiashara wa vito. Kazi yake kuu ni vitabu vinne vilivyopangwa kwa kufuata elementi, yaani asili nne ambazo wanazuoni wa kale waliamini kuwa ndizo zinazounda ulimwengu: moto, ardhi, maji na hewa. Wadudu aliwaweka kwenye kitabu cha moto, pamoja na binadamu (mpangilio ambao kwa msomaji wa leo ni wa ajabu kidogo), akawachora kwa rangi za maji juu ya velamu, ambayo ni ngozi ya mnyama iliyolainishwa mpaka ikafaa kuandikiwa. Chini ya miguu ya wadudu wengi kuna kivuli chembamba, hivi kwamba jicho hudhani kiumbe kimetua hapo punde tu. Na katika ukurasa mmoja wa kereng'ende, viwiliwili vimechorwa kwa brashi lakini mbawa ni za kereng'ende halisi, zimebandikwa, kana kwamba mchoraji alikiri kuwa utando ule hauigiki, au pengine alitaka kumtega mtazamaji. Mwaka 1592 mwanawe Jacob alichapisha huko Frankfurt michoro ya kuchongwa kwenye shaba iliyotokana na kazi za baba yake, nayo ikawafikia wachoraji ambao wasingeruhusiwa kamwe kuvifunua vile vitabu vinne vyenyewe.