Mji Huchaguliwa kwa Miguu

Wastaafu wa Dar es Salaam wakikutana, iwe msibani, iwe kwenye foleni ya benki, mazungumzo huishia pale pale: viwanja. Fulani amepata ekari mbili Mkuranga. Fulani amejenga Kibaha, ndani ndani kidogo, nyumba ya vyumba vitano. Mwingine anatafuta mlimani apate hewa safi na mandhari ya kupendeza. Katika miaka yote hii sijamsikia hata mmoja akiuliza: kutoka mlangoni pangu hadi duka la dawa ni hatua ngapi? Insha hii naiandika kuwabishia wenzangu hao, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu wengi wetu tuna nafasi moja tu ya kuhama tukiwa wazee, na tunaichezea.

Nasema hivi: mtu aliyevuka miaka sitini, akitaka kuondoka jijini, aache kwanza habari ya nyumba. Atafute mji, na mji huo aupime kwa miguu yake mwenyewe. Nyumba hata ya kupanga itamtosha. Mji usiotembeleka hautamtosha hata akiwa na kasri ndani yake.

Jiji lenyewe sina haja ya kulieleza kwa kirefu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na asubuhi unadhani wote wameamua kwenda Kariakoo. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 nilifurahi sana, lakini kusimama saa nzima kituoni ukisukumwa na vijana wenye haraka ya kazi si jambo la mtu mwenye mkongojo. Kwa hiyo kuondoka sikugombi. Nagombana na mahali tunapokimbilia.

Mwenzangu mmoja, ambaye tulifundisha pamoja miaka kumi na mmoja katika chuo cha ualimu, alijenga nje ya jiji, kilomita sita kutoka kwenye lami. Nyumba ni nzuri. Ina kisima, ina ukuta, ina miembe. Kwa miaka saba aliendesha gari lake mwenyewe wala hakuona upungufu wowote. Kisha kisukari kikamzidi, nyayo zikafa ganzi, gari likauzwa. Sasa mkewe, naye amefika sitini na tisa, akitaka nyanya hupiga simu kwa kijana wa bodaboda. Akitaka vidonge vya mumewe humpigia huyo huyo. Kijana asipopokea, hupika bila nyanya, na siku nyingine mzee hulala bila vidonge. Mara ya mwisho nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, nimejijengea bweni zuri, ila mlango umefungwa kwa nje."

Najua nitajibiwa: bodaboda zimejaa kila mahali, na bajaji pia; nani siku hizi anatembea? Vijana hao sina ugomvi nao, wengine ni wajukuu wa wanafunzi wangu. Lakini mzee wa miaka sabini na mitano kupanda pikipiki kwenye tope la masika ni kuuchezea mfupa wa nyonga, na mfupa huo ukivunjika katika umri huu wengi hawainuki tena. Jambo la pili halisemwi sana. Safari yenye nauli huahirishwa. Leo unasema nitakwenda Jumatatu, ili dawa, unga na barua vyote viende kwa nauli moja. Jumatatu mvua inanyesha. Polepole unazoea kutokutoka, halafu watu nao wanazoea kutokukuona. Anayepita kwa miguu mara mbili kwa siku katika njia ile ile, asipoonekana siku mbili ataulizwa, na atabishiwa hodi. Aliye nyuma ya ukuta kilomita sita porini anaweza kuanguka bafuni Ijumaa akagunduliwa Jumapili.

Inanishangaza pia kwamba kizazi changu, kizazi cha kutembea, ndicho kinachoona haya. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na sisi vijana tulijivunia malengelenge ya miguu kama nishani. Leo mstaafu akionekana na kikapu chake barabarani anaulizwa, "Mzee, gari limeharibika?"

Mwaka 2018 daktari aliniambia kuwa nina presha ya macho. Dawa ya matone ingeichelewesha, alisema, lakini nisitegemee kuendesha gari kwa miaka mingi. Mama watoto naye ana magoti yanayolalamika tangu alipostaafu uuguzi. Tulikaa chini tukakubaliana kutafuta mji ambao naweza kuusoma kwa macho sasa, ili baadaye niusome kwa miguu. Ndugu zangu walisema turudi kwetu Usangi. Usangi ni kwetu na naipenda, ila imejengwa juu ya milima ya Upare, na kutoka nyumba ya marehemu baba hadi kwenye gari ni mteremko ambao hata nikiwa na miaka thelathini niliuheshimu. Kuzaliwa mahali ni jambo moja. Kuweza kuzeekea mahali hapo ni jambo jingine kabisa.

Tukaanza kuzunguka. Kanuni yetu ilikuwa kushuka kwenye basi na mkoba, kulala nyumba ya wageni usiku tatu, na kutopanda chombo chochote hadi siku ya kuondoka. Mtu akienda kutazama mji na gari la mwanawe, amelitazama gari. Nenda sokoni ununue kilo mbili za unga, fungu la mchicha na nusu lita ya mafuta, uvibebe mwenyewe hadi ulipofikia. Nenda hospitali, ukae kwenye benchi uone foleni. Toka baada ya magharibi uone kama kuna taa, na kama mitaro imefunikwa. Ukiweza, fanya haya wakati wa masika, kwa maana kiangazi kila mji una njia. Dalali atakwambia "dakika kumi tu". Dakika za dalali ni za pikipiki.

Miji iliyotandazwa kando ya barabara kuu tuliiacha mapema. Chalinze, Mafinga, Makambako: ni miji ya biashara yenye heshima yake, lakini malori ya masafa marefu yanapita katikati, duka liko ng'ambo hii na jirani yako ng'ambo ile. Kuvuka kila siku ukiwa huoni vizuri ni kamari.

Kilwa nilikuwa nimeipenda kwa historia yake, na ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Enzi za Waingereza makao makuu ya wilaya yalihamishwa kutoka mji mkongwe wa Kivinje kwenda Masoko. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje. Baina ya Kivinje na Masoko ni zaidi ya kilomita 20. Nyumba za mawe za Kivinje zimebomoka moja baada ya nyingine, na anayeishi Masoko akiugua hupanda gari. Ule ulikuwa mji. Kalamu ya ofisini ikaugawa vipande viwili, na hakuna hata kimoja kinachomtosha mzee.

Lushoto nusura itukamate. Ni mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa yake inaponya. Soko, stendi, hospitali na ofisi za wilaya vimekaa karibu karibu bondeni, matunda damu na mapea yanauzwa kwa bei ya kucheka. Lakini bonde ni jembamba, na nyumba tulizoonyeshwa zote zilining'inia kwenye miteremko. Mke wangu alishuka sokoni mara moja, akapanda mara moja, akaketi kizingitini. "Baba Neema," akasema, "mji ni mzuri, ila unataka magoti ya mbuzi." Tukaondoka siku iliyofuata.

Tukaishia Pangani, na huu ni mwaka wa tano. Watu wa Tanga mjini wenyewe walitucheka: Pangani kuna nini, zaidi ya joto na habari za Abushiri aliyenyongwa huko Desemba 1889? Kuna ardhi tambarare. Kuna mji uliojengwa kabla ya gari, na waliojenga miji ya pwani hawakuwa na kipimo kingine isipokuwa mguu wa mtu, mzigo wa punda na sauti ya mwadhini. Ndiyo maana nyumba zimesogeleana zikapeana vivuli. Ndiyo maana nyumba nyingi zina baraza ya kukalia mbele, na mzee akichoka katikati ya safari hupumzika kwa mtu asiyemfahamu, akaletewa na maji. Lamu wameuhifadhi ujenzi wa namna hii hadi dunia ikautambua kuwa urithi wake mwaka 2001, na punda bado anafanya kazi ya lori. Sisi upande huu tunauona uchakavu.

Sikununua kiwanja. Tumepanga nyumba ya bati yenye vyumba vitatu na ua. Kutoka mlangoni hadi duka la dawa ni hatua 410. Sokoni ni 560, na njiani kuna baraza mbili nzuri. Nazihesabu kila asubuhi, kabla ya saa tatu maana baada ya hapo jua halina adabu, na nilianza kuzihesabu nikiwa bado naona vibao vya maduka. Sasa jicho la kushoto linaona mwanga tu.

Kasoro zipo. Chumvi inakula kila bawaba, mbu hawana likizo, na vijana wetu wanalalamika kuwa tumejitupa mbali. Hoja yao nzito ni ya madaktari bingwa. Ni kweli: hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga, kilomita zipatazo 50, na kila miezi mitatu napanda basi nikapimwe macho. Hiyo ni safari nne kwa mwaka. Mwenzangu wa kilomita sita porini yuko karibu na Muhimbili kuliko mimi, na amekosa vidonge vya senti chache mara nyingi kuliko mimi nilivyomkosa bingwa.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Barabara kubwa ya pwani, kutoka Bagamoyo kupitia Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la kuvuka mto, ndiyo gumzo la mji katika miaka hii ya ujenzi wake. Siipingi, mgonjwa wa kukimbizwa Tanga anaihitaji kuliko mtu yeyote. Lakini tayari nawasikia watu wakisema soko lifuate lami, stendi ifuate lami, na ofisi zifuate, huko kwenye nafasi, na madalali wameshaanza kuonyesha viwanja. Katika mkutano mmoja mzungumzaji kijana alisema mji huu "umebanana mno". Niliinuka nikamwuliza kama amewahi kubeba kilo mbili za unga kwa miguu kutoka huko kwenye nafasi. Akanijibu kwa adabu kuwa maendeleo hayawezi kuwasubiri wazee. Nikamwambia wazee hatukuomba kusubiriwa; tumeomba soko libaki lilipo, na kwamba mama mjamzito, mtoto wa darasa la kwanza na mchuuzi wa samaki asiye na baiskeli wanaliomba jambo hilo hilo, ila hawakualikwa kuzungumza.

Baadhi ya watu walipiga makofi, wengine walitazama saa. Mkutano uliahirishwa kwa sababu ya mvua. Wenye magari waliwahi kuondoka, na sisi wengine tulirudi kwa miguu, tukipita chini ya vibaraza vya nyumba za zamani, tukafika na mabega makavu.